Chumvi, Ethi na Hodi Isiyo na Mgeni

Msimu wa korosho mkoani Mtwara una sauti zake: magunia yakitua kwenye mizani, makarani wakiita majina, lori likirudi kinyumenyume hadi mlangoni pa ghala. Siku hizi ipo pia sauti ya printa. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani humo katika msimu wa 2007/2008, mkulima hatakiwi tena kumwuzia mlanguzi kwa kangomba, yaani biashara isiyo rasmi, uani kwake. Anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, unapimwa, unaandikwa, unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, na malipo yanamfikia kupitia benki. Kila hatua ina jina, uzito na namba ya akaunti. Kompyuta ikigoma mwezi wa Oktoba au Novemba, foleni inayosimama nje ya ofisi haina subira: kuna ada za shule, kuna deni la dawa ya kupulizia mikorosho, kuna harusi iliyokwisha kutangazwa.

Katika ofisi moja ya aina hiyo, kata ya Ziwani, Wilaya ya Mtwara, kompyuta ya mezani iliugua ugonjwa wa saa maalumu. Asubuhi kipanya kiliruka-ruka, herufi zilichelewa kutokea, kisha kioo kikageuka buluu na kutoa maandishi ya kosa namba 0xD1. Ikifika saa tano mashine ilipona bila kuguswa, ikafanya kazi hadi jioni. Makarani walikwisha kuizoea. Wengine walisema haipendi kuamshwa mapema.

Fundi aliyeitwa alikuwa kijana wa hapohapo Ziwani, mwenye banda la ufundi mjini Mtwara. Kazi ya umeme aliianzia kwa mjomba wake, fundi redio wa siku nyingi, na ya kompyuta aliipata baadaye kwenye steshenari za mjini, alikokuwa akitoa kopi mchana na kufungua mashine mbovu usiku. Hakuwa na wazee wengi wa kuwauliza. Tanzania ilipokea kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza vifaa hivyo nchini, na ilichukua miaka mingi kabla milango kufunguliwa tena. Vijana wa umri wake walijifunza kwa kubomoa mitumba. Kumbukumbu zake za kazi, kuanzia Mikindani hadi vijiji vinavyoelekea kwenye maingilio ya Mto Ruvuma, zinaonyesha jinsi kosa moja la kompyuta linavyoweza kuwa na chanzo kilicho mbali kabisa na mahali linapotajwa.

Kosa lenyewe linahusu ukatizaji. Prosesa haikai ikimwuliza kila kifaa kama kina shida. Inafanya kazi yake kama mwenye nyumba aliye jikoni, na kifaa chenye haja kinabisha hodi. Ukibonyeza herufi, kibodi inabisha. Data ikifika kutoka kwenye disiki, disiki inabisha. Prosesa inaweka alama pale ilipofika, inaiita programu fupi inayoitwa draiva ikafungue mlango, mgeni anahudumiwa, kisha kazi inaendelea pale ilipokatizwa. Yote hayo huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde, na hutokea mara mamia au maelfu kwa sekunde bila mtumiaji kujua.

Wazo hilo ni la miaka ya 1950. Mwaka 1959, huko Amsterdam, Edsger Dijkstra aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya namna ya kuuandikia programu mfumo wa ukatizaji wa kompyuta iliyoitwa X1. Baadaye alieleza kwamba wazo hilo lilimtia hofu mwanzoni, kwa sababu hodi huja wakati usiotabirika. Ukirudia jambo lilelile kesho, hodi zitakuja kwa mpangilio mwingine, na kosa uliloliona leo huenda lisionekane tena. Fundi yeyote aliyewahi kuletewa mashine inayosumbua nyumbani kwa mwenyewe lakini ikatulia inapofika bandani anaijua hofu hiyo, hata kama hajawahi kusikia jina la Dijkstra.

Kompyuta za awali za mezani zilikuwa na milango michache. Ile ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na njia 8 za ukatizaji. Namba 0 ya saa, namba 1 ya kibodi, namba 6 ya disiki laini, na kadhalika. Muundo wa mwaka 1984 uliongeza chipu ya pili, njia zinazotumika zikawa 15. Kadi mbili zikipewa namba moja, zote mbili huweza kufa ganzi. Mafundi wa zamani walihamisha vifuniko vidogo vya pini juu ya kadi, kadi ya sauti ikipewa namba 5 na printa ikiachiwa namba 7. Mfumo wa PCI uliokuja mwaka 1992 uliruhusu vifaa kadhaa kutumia njia moja. Hodi ikilia, draiva zote za njia hiyo huulizwa kwa zamu: ni mgeni wako? Zikikana zote, hodi hiyo haina mwenyewe.

Linux ina utaratibu wa wazi wa kushughulikia jambo hilo. Inahesabu hodi 100,000 za njia moja, na zikizidi 99,900 ambazo hazikupata mwenyewe, inaandika kwamba hakuna aliyejali, kisha inaifunga njia hiyo. Kifaa chochote kinachotegemea njia hiyo hudorora au hufa hapohapo, hata kama chenyewe hakikufanya kosa. Windows haitoi maelezo ya namna hiyo. Kwenye orodha ya kazi zinazoendelea kuna mstari mmoja wa ukatizaji wa mfumo. Kwenye mashine nzima iliyotulia mstari huo hukaa karibu na sifuri; ukipanda na kung'ang'ania juu, kuna kifaa kinachobisha bila kukoma.

Kwenye mashine ya Ziwani, asubuhi, mstari huo ulikuwa ukila zaidi ya robo ya nguvu za prosesa.

Waliomtangulia fundi huyo walikuwa wamekwisha kupiga Windows upya. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza mitaani, na mara nyingi ndiyo ya mwisho, kwa sababu mteja huona kioo kipya na kulipa. Yeye alianza kwa jambo jingine: alinakili kumbukumbu zote za chama kwenye disiki ya nje, akamwomba katibu achape orodha ya wakulima kwenye karatasi. Mashine inayokufa ghafla katikati ya kuandika huweza kuharibu faili, na mkulima hawezi kuambiwa kwamba kilo zake zimepotelea kwenye majaribio ya fundi.

"Kwa hiyo leo hatulipwi?" mzee mmoja aliuliza kutoka barazani.

"Shikamoo baba. Leo majina yanasomwa kwenye karatasi," katibu alimjibu. "Mashine ina mgeni."

Kisha fundi akaendesha LatencyMon, programu inayopima draiva ipi inaishikilia prosesa kwa muda mrefu. Jibu lilikuja haraka: draiva ya USB. Akaibadilisha. Asubuhi iliyofuata hali ikawa ileile. Akaweka toleo la zamani zaidi, na hali haikubadilika. Jioni alipita kwa mjomba wake, ambaye kompyuta haijui ila umeme anaujua. Wao huitana mjomba kote kuwili, kama ilivyo desturi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Bado unahangaika na lile boksi la korosho?"

"Bado. Programu inasema tatizo ni draiva ya USB."

"Draiva ndiyo nini?"

"Ndiyo inayoamka kifaa kikibisha."

"Sasa mbona unamkamata aliyefungua mlango? Mtafute anayebisha, mjomba."

Maneno hayo yalibadilisha mpangilio wa kazi. Jina linaloonekana kwenye kioo cha buluu au kwenye ripoti ya programu mara nyingi ni la draiva iliyokuwa ikifanya kazi wakati mambo yanaharibika. Yenyewe ndiyo iliyoonekana eneo la tukio. Yaweza kuwa mbovu, maana draiva mbovu zipo na huleta kosa hilohilo la 0xD1, lakini ikishabadilishwa na hodi zikaendelea, hakuna sababu ya kuibadilisha tena. Inabidi kuacha programu na kushika waya.

Akaanza na vya nje. Printa ikachomolewa, kisha kipanya, kisha flashi ya karani. Kila mara alitazama mstari ule ule kwenye kioo, na kila mara ulibaki juu. Akalifungua boksi, lile ambalo mitaani watu huliita CPU ingawa CPU yenyewe ni chipu moja tu ndani yake. Akachomoa waya mwembamba unaotoka kwenye bodi mama kwenda kwenye matundu ya USB ya mbele. Mstari ukashuka palepale.

Matundu hayo ya mbele hayakuwa na kitu kilichochomekwa. Ndani yake, kwenye kibao kidogo kinachoyashikilia, kulikuwa na ukungu wa kijani kati ya pini na pini: shaba iliyoliwa na chumvi. Kompyuta nyingi za mezani huvuta hewa baridi kutoka mbele na kuitoa nyuma, kwa hiyo uso wa mbele ndio unaopokea kila kinachoelea chumbani. Chumba hicho kilikuwa na vumbi na nyuzi za magunia, dirisha lilielekea upande wa upepo wa bahari, na boksi lilikaa sakafuni chini ya dirisha hilohilo.

Saa ya ugonjwa nayo ikapata maelezo. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji hewani na kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 75. Pwani ya Mtwara usiku na alfajiri huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Chumvi kavu haipitishi umeme, ila ikilowa inapitisha. Alfajiri kibao kile kilikuwa kikivujisha umeme kati ya pini zake, bodi mama ikaona vifaa visivyokuwepo vikichomekwa na kuchomolewa, na kila badiliko likawa hodi. Jua likipanda, chumba kikikauka na mashine ikipata joto, uvujaji ulikoma. Kompyuta ilipona saa tano kwa sababu saa tano chumvi ilikuwa imekauka.

Fundi hakuridhika na hapo. Mchana, mashine ikiwa imetulia, aliurudisha waya na kusogeza kitambaa chenye unyevu karibu na matundu ya mbele. Mstari ukapanda. Akakiondoa na kukausha kwa feni, ukashuka. Tangu siku hiyo hakubali kwamba ameupata ubovu mpaka aweze kuuita ukaja na kuufukuza ukaondoka. Mashine iliyoacha kusumbua yenyewe bado haijapona kwake, na humwambia mteja hivyo kabla ya kupokea fedha.

Tiba yenyewe ilikuwa rahisi kuliko uchunguzi. Waya wa mbele ulichomolewa moja kwa moja na matundu yakazibwa kwa gundi ya karatasi ili karani asiyatumie. Bodi mama ilisafishwa kwa spiriti na mswaki laini, ikaachwa ikauke. Boksi likahamishiwa juu ya meza, mbali na dirisha, na kushonewa kifuniko cha kitambaa cha kuvikwa mashine ikishazimwa na kupoa.

Mazingira ya pwani ile hayafichi chumvi yake. Jirani na Ziwani kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 ikiwa na kilomita za mraba 650 za bahari, mikoko, matumbawe na vijiji. Wakazi wengi wanaishi kwa kuvua, na kando ya ufuko huo kuna watu wanaoanika maji ya bahari kupata chumvi ya kuuza. Bati la nyumba linaloishi miaka mingi Masasi, bara, hutoboka mapema likiwa karibu na maji. Hakuna sababu ya kibao cha USB kudumu zaidi ya bati, ila maelekezo ya kompyuta yameandikwa kwa ajili ya ofisi zenye kiyoyozi.

Kisa cha pili kilitokea mjini, kwenye steshenari. Kompyuta ilikuwa ikiganda kila mashine kubwa ya kopi ilipoanza kuzunguka. Kibodi ilikufa, kipanya kikafa, kisha baada ya sekunde chache vyote vikarudi kwa ule mlio wa kifaa kipya kuchomekwa. Wateja walilalamika pia kwamba boksi la kompyuta linapiga shoti kidogo ukiligusa peku. Mwenye duka alidhani hayo ni matatizo mawili tofauti.

Ukweli ulikuwa kwenye soketi. Soketi za Tanzania zina matundu matatu, na la juu ni la ethi, yaani la waya wa ardhini. Lakini ekstensheni nyingi za bei nafuu zina waya mbili tu ndani, na mtu mwenye plagi ya pini mbili huchokonoa tundu la ethi kwa kalamu ili mlango wa soketi ufunguke. Ndani ya pawa saplai ya kompyuta kuna kapasita ndogo zinazopeleka kelele za umeme kwenye ethi. Ethi ikikosekana, kelele hizo hukaa kwenye bati la boksi, na bati hilo huelea kwenye takriban nusu ya volti za laini. Kwa umeme wa volti 230, mita huweza kuonyesha hadi kama volti 115 kati ya boksi na ardhi. Mkondo wake ni mdogo, hutekenya tu, lakini waya wa USB unaounganisha vifaa viwili visivyo na ethi ya pamoja hupitisha tofauti hiyo ndani ya data. Mashine ya kopi ikiwaka, tofauti inaruka, kompyuta inaona kifaa kimetoka na kuingia, na hodi zinaanza.

Umeme wenyewe wa pwani hiyo una historia yake. Gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na tangu miaka ya 2000 Mtwara na Lindi zilitegemea mitambo ya gesi ya mjini Mtwara yenye uwezo wa megawati 18, kwenye mtandao mdogo uliojitenga na gridi ya Taifa. Kwenye mtandao mdogo mzigo mkubwa ukiingia au kutoka huonekana haraka kwenye taa za watu wengine, na fundi aliyeishi nao hujifunza kubeba mita kabla ya kubeba bisibisi.

Kwenye steshenari, kazi iliyobaki ilikuwa ya fundi umeme: waya wa tatu, na fimbo ya shaba ardhini. Mchanga mkavu wa pwani haupitishi umeme vizuri, na fimbo fupi iliyopigwa kwenye mchanga wa juu haileti faida. Ilibidi ichimbiwe hadi penye udongo wa unyevu, na shimo likajazwa mkaa na chumvi, njia ya zamani ya mafundi umeme. Chumvi iliyoua kibao cha Ziwani ndiyo iliyoitwa kusaidia hapa, kwa sababu ileile: ikilowa, inapitisha umeme. Ubaya wake unajulikana pia. Inaila fimbo, kwa hiyo shimo hilo lazima likaguliwe na kumwagiwa maji kiangazi. Baada ya hapo mashine ya kopi na kompyuta zilichomekwa kwenye chanzo kimoja chenye ethi, na malalamiko yote mawili yakaisha siku moja.

Fundi anapofundisha vijana bandani, huwasimulia kisa maarufu kuliko vyake. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kikiwa kinashuka mwezini, kompyuta yake ilianza kutoa tahadhari namba 1202, kisha 1201. Tahadhari hizo zilimaanisha kwamba kompyuta imezidiwa na kazi. Haikuwa na ubovu. Rada ya kukutania na chombo mama ilikuwa imewashwa, na umeme wake wa hezi 800 haukupatana kwa awamu na umeme wa hezi 800 wa mfumo wa uongozaji. Kutopatana huko kulizalisha mipigo 12,800 kwa sekunde isiyokuwa na maana yoyote, na kuihesabu kulimeza takriban asilimia 15 ya muda wa kompyuta. Jack Garman, kijana aliyekuwa amejiandalia orodha ya tahadhari zote, alijua kwamba hiyo haizuii kutua ikiwa haiji mfululizo. Steve Bales, aliyesimamia uongozaji kutoka ardhini, akasema waendelee. Programu nayo ilikuwa imeandikwa iweze kutupa kazi ndogo na kushika kubwa.

Vijana hupenda sehemu ya mwezi. Yeye huwarudisha kwenye umeme: tahadhari ilisema kompyuta imezidiwa, haikutaja rada, wala haikutaja pawa saplai mbili zisizopatana. Na huwarudisha kwenye orodha ya Garman, iliyoandikwa kabla ya siku ya shida.

Yapo makosa ya hodi yasiyo na hadithi ndefu. Mitumba inayoletwa kupitia Dubai na Kariakoo mara nyingi ina kapasita zilizovimba vichwa karibu na prosesa. Volti zinayumba, na kosa linalotokea ni 0x124, linalotoka kwenye mfumo wa kuripoti makosa ya vifaa vyenyewe. Hapo kupiga Windows upya hakusaidii chochote. Ramu yenye meno machafu hutoa makosa ya kila aina, kila mara jina jipya. Ikisuguliwa kwa kifutio cha penseli na kupimwa usiku kucha kwa MemTest86, mengi hujulikana. Kwenye vijiji vinavyotumia sola, inveta za bei ndogo hutoa umeme wa ngazi ngazi usio na mkunjo laini, na pawa saplai za kisasa huzomea, huchemka au huzima ghafla. Mashine inayogoma kijijini na kukubali mjini inapaswa kupimwa na inveta yake, siyo bila hiyo.

Kutokana na visa hivi, daftari la bandani likawa na safu ambazo fomu za kawaida za ufundi hazina. Kuna saa ya tatizo, siyo tarehe tu. Kuna hali ya hewa. Kuna kilichokuwa kikiwaka jirani: friji, mashine ya kuchomelea, kinu. Kuna mahali boksi linapokaa na upande linaoelekea. Kuna kipimo cha volti kati ya boksi na ardhi. Draiva na matoleo ya programu huandikwa chini ya hayo. Mkoa wa Mtwara una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na safu ya hali ya hewa imekwisha kuonyesha kwamba mashine nyingi za pwani huanza kusumbua mvua za kwanza zinapokutana na vumbi la kiangazi. Huo ndio wakati hasa wa korosho.

Utaratibu wa kuchunguza nao una mpangilio wake. Kwanza nakala ya data. Pili, mashine huvuliwa hadi ibaki pawa saplai, bodi mama, ramu moja, kibodi na kioo. Ikitulia, vifaa vinarudishwa kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja namba inaandikwa. Ikiwa bado inasumbua ikiwa uchi, pawa saplai hubadilishanwa na ya mashine nzima ya jirani. Ubovu ukihama, umepatikana. Programu hubadilishwa mwisho, isipokuwa tatizo lilianza siku ileile programu mpya ilipowekwa. Wateja wenye haraka hawaupendi utaratibu huu. Katibu wa chama cha Ziwani ameupenda, na sasa kila Septemba, kabla ya minada kufunguliwa, humwita fundi aje kufungua boksi, kulipuliza vumbi na kupima ethi.

Oktoba ya 2025 ilileta jambo jipya. Tarehe 14 ya mwezi huo Microsoft ilifikisha mwisho wa msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambazo, kwa upande wa Intel, ni za kizazi cha nane kwenda mbele kwa sehemu kubwa. Mashine nyingi za vyama, steshenari na shule za pwani ni za kabla ya hapo. Zinawaka, zinachapa, ila mlango wa masahihisho ya usalama umefungwa kwa asiyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Bandani, baadhi zinahamishiwa Linux. Makarani wanalalamikia sura mpya ya kioo, na baadhi ya printa hazijapata draiva nzuri. Fundi naye amepata faili moja alilokuwa akilitamani, /proc/interrupts, linaloorodhesha kila njia na idadi ya hodi zilizopita tangu mashine iwashwe. Ameanza kulichapa kila asubuhi na kila mchana kwenye mashine tatu za kata ya Ziwani, moja ikiwa sakafuni na mbili mezani, ili msimu ukiisha alinganishe namba na safu yake ya hali ya hewa.